Klachi ya Arlene Pruski

Katika miaka ishirini na saba aliyosimama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri huko Hazel Park, Arlene Pruski hakuwahi kumwona mwanamume aliyeijua injini ya gari lake mwenyewe. Aliwaona wengi waliodhani wanaijua. Waliingia wakiwa na kofia zilizotariziwa majina ya magari, wakaegemea kaunta kwa kiwiko kimoja kana kwamba wako baa, wakasema wanataka klachi ya kuhimili nguvu za farasi mia tano na hamsini. Arlene aliandika mia tatu na sitini. Hakubishana nao. Mwuza nyama hapimi kwato na pembe, naye hakupima majigambo.

Baada ya hapo aliwauliza upana wa matairi ya nyuma, kisha uzito wa gari, kisha swali la mwisho, ambalo ndilo lililokuwa na maana: unakwenda nalo wapi? Hapo wengi waliangalia pembeni. Karibu wote walikuwa wakienda mahali pamoja, barabara ya Woodward, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Agosti, siku ambayo magari yote ya zamani ya Michigan hutolewa gerejini na kujipanga moja nyuma ya jingine, yakatambaa kwa mwendo wa jeneza tangu asubuhi hadi jioni. Kwa kutambaa huko walitaka klachi za mashindano, zenye vipande vya chuma vinavyouma kama mbwa au visiume kabisa, visivyojua lililo kati ya mawili hayo. Ni sawa na mtu kununua shoka la kuangushia magogo ili achongee penseli.

Hao aliwadharau kwa jumla. Aliyemdharau kwa karibu, akiwa amelala naye kitanda kimoja, alikuwa mumewe.

Norbert Pruski alinunua Pontiac ya kijani ya mwaka 1967 alipostaafu kazi ya kiwandani. Arlene alimwambia klachi ya kuweka, tena akamwandikia nambari yake kwenye karatasi. Norbert akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kuagiza kwingine kwa simu, akiwa gerejini na mlango umefungwa. Kilichokuja kilikuwa na springi nzito kama za mlango wa ghala. Alipomaliza kuifunga aliwaita wenzake wa klabu ya magari ya zamani waje waikanyage mmoja mmoja, naye akasimama kando amekunja mikono. Akasema klachi hiyo haikanyagwi na mtoto wala mama.

Mama, bila shaka, alikuwa Arlene. Alijaribu mara moja tu. Ni mwanamke mfupi, na ili pedali ifike chini ilimbidi ainue makalio kitini na kuuvuta usukani kama anayepanda ukuta. Mguu ukatetemeka, ukaponyoka, gari likaruka na kuangusha mapipa mawili ya taka. Wanaklabu walikuwapo uani wakila soseji. Kwa miaka kumi na miwili walilisimulia jambo hilo, na kila mwaka mapipa yaliongezeka. Mara ya mwisho Arlene kuyahesabu yalikuwa saba.

Klachi hiyohiyo ndiyo iliyommaliza Norbert goti la kushoto. Alipopasuliwa alimwambia daktari kwamba ameumia kwenye ngazi za kanisa. Arlene alikuwa ameketi pale pale akisikiliza, na hakusema kitu, maana kuna uongo ambao hata kuusahihisha ni kuuheshimu. Norbert akafa mwezi wa Februari, kwa ugonjwa wa moyo, akisubiri kuitwa kwenye chumba cha daktari huyohuyo.

Mwezi wa Mei akaja Duane Tackett, mwenyekiti wa klabu, mwanamume mwenye shingo pana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja. Alileta saladi ya viazi iliyotengenezwa na mkewe. Aliketi jikoni, akamsifu marehemu kwa muda unaostahili, kisha akafika kwenye jambo lake.

"Shemeji, tumeongea na jamaa. Tumeona si vizuri gari la Norbert likae gizani. Mimi nitalichukua. Litabaki ndani ya familia."

"Familia ya nani?"

"Ya klabu, shemeji."

Akamkumbusha kanuni. Klabu ilikuwa na nafasi kumi na moja za kuegesha kando ya Woodward, mbele ya duka la mazulia lililofungwa siku nyingi, na kila nafasi ilikuwa ya mwanachama aliyelifikisha gari lake hapo siku ya msafara akiliendesha mwenyewe. Si kwa trela, si kwa dereva wa kuazima. Kanuni hiyo aliitunga Norbert baada ya daktari mmoja wa meno kuleta gari lake juu ya lori. Asiyelifikisha alipoteza nafasi. Na gari lisiloweza kwenda Woodward, alisema Duane kwa huruma ya mtu anayekunja shuka ya maiti, lilikuwa la nini?

Arlene akamwambia kwamba ataliendesha mwenyewe.

Duane akautazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayekagua mbuzi asiyetaka kumnunua. "Usije ukaumia bure, shemeji. Lile gari linataka mguu. Yale mapipa umeyasahau?"

"Nisipolifikisha kwa mguu wangu, lichukue," Arlene akasema. "Na bei upange wewe."

Alilisema kwa hasira, na mara tu lilipomtoka alijua kwamba limeshakuwa neno la klabu nzima. Duane alitoka akitabasamu hadi kwenye gari lake. Saladi ya viazi Arlene aliimwaga.

Kesho yake alichukua mizani ya bafuni, ile ya kusimama juu yake, akaibana kati ya pedali na kipande cha ubao, akasukuma kwa miguu yote miwili mpaka pedali ikafika chini. Ratili sitini na nne. Kisha akakumbuka msafara wa mwaka uliopita, ambapo alikaa upande wa abiria bila cha kufanya akahesabu kila Norbert alipokanyaga: mara mia mbili na tisini. Hakuhitaji karatasi. Mwanamke wa miaka sitini na sita angeweza kukanyaga namna hiyo mara thelathini, labda arobaini kama angekuwa amemkasirikia mtu vya kutosha. Zilizobaki angezifanya nani?

Gari lilipelekwa kwa kuvutwa hadi kwa Kermit Sloan, fundi mzee mwenye jeki kubwa ya kuinulia magari nyuma ya nyumba yake huko Ferndale. Kermit alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo siri zote za wateja wake alizisema kwa sauti ya mnada, lakini mikono yake ilikuwa ya kweli. Waliteremsha gia boksi, wakafungua presha, ile sahani ya chuma yenye springi inayoibana pleti, wakaitoa klachi pleti ya Norbert. Kermit akaigeuzageuza kwenye mwanga. Rangi ya alama za kiwandani ilikuwa bado inaonekana.

"Hii mpya," akapiga kelele.

"Si mpya," Arlene akasema karibu na sikio lake. "Imeegeshwa."

Miaka kumi na miwili! Mtu alichagua klachi ya vitani, akaharibu goti, akamnyima mkewe usukani, halafu akaitumia kwenda kuegesha mbele ya duka la mazulia. Arlene alitamani Norbert awe hai kwa dakika tano tu, aonyeshwe hiyo pleti.

Alipofungua kisanduku cha dashibodi ili atafute kitabu cha gari, alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwenye mashine ya kupimia nguvu ya injini, na tarehe yake ilikuwa ya miaka tisa iliyopita. Kwa miaka yote hiyo Norbert alikuwa akisema mia tano, hata usiku akiwa hana wa kumdanganya ila yeye. Karatasi ilisema mia mbili tisini na moja.

Kwa injini ya namna hiyo, klachi ya kawaida ingetosha na kusaza. Arlene alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika wilaya. Ndiyo maana kilichomtokea Jumanne iliyofuata kilimwaibisha zaidi ya mapipa.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, naye alikuwa peke yake kwenye kaunta na katalogi mbele yake. Watengenezaji walizipanga klachi kwa madaraja matano. Daraja la kwanza lilikuwa la mtu wa barabarani: pleti yenye kitambaa cha kawaida, inayoshika polepole na kusamehe makosa, na presha ya springi moja ya mviringo kama sahani, ambayo kadiri unavyoikanyaga mpaka chini ndivyo inavyolegea. Daraja la tano lilikuwa la wendawazimu. Jicho lake lilikwenda kwenye la kwanza, kama inavyopasa, kisha likateleza hadi la tatu. Hilo lilikuwa na kitambaa upande mmoja na chuma upande wa pili. Lilikuwa na jina la mnyama mkali. Pedali yake haikuwa ya Norbert, lakini ilikuwa na uzito wa kuheshimika, na Arlene alimsikia Duane kabisa masikioni mwake akimwuliza mbele ya watu: daraja la ngapi, shemeji? Na akajisikia akijibu, la tatu. Akaanza kujaza fomu. Akajiambia kwamba mguu utazoea, kwamba labda siku moja injini itaongezwa nguvu, kwamba ni vizuri kuwa na akiba.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mwenye kofia, akaweka kiwiko juu ya kaunta, akasema anataka klachi ya farasi mia sita. Injini yake kwa sasa haikufika hapo, akaeleza, lakini siku moja ataiongeza, na ni vizuri kuwa na akiba.

Arlene alimtazama kwa muda mrefu, mpaka yule mtu akaondoa kiwiko. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno, yangali na joto la kinywa chake, na yametoka kwenye mdomo huu wenye masharubu. Hakuwahi kujidharau namna hiyo tangu azaliwe. Akamwuliza mteja upana wa matairi, akamwandikia kilichomfaa. Alipotoka, akaichana fomu na kujaza nyingine. Daraja la kwanza.

Kermit alitaka kuifunga juu ya flaiwili ileile, gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, jinsi ilivyo, kwa kuwa ilionekana safi. Arlene akakataa. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akiwaambia watu kwamba pleti mpya juu ya chuma cha zamani ni bibi harusi aliyelazwa kwenye shuka chafu, na hakuona kwa nini yeye asamehewe. Flaiwili ikapelekwa kukatwa uso upya. Klachi ilipofungwa, mizani ya bafuni ilisoma ratili thelathini na moja.

Habari zilimfikia Duane kabla gari halijateremshwa kutoka kwenye jeki, kwa sababu Kermit alimweleza jirani yake na mtaa mzima ukasikia. Siku ya Ijumaa Duane akaja dukani wakati kuna foleni.

"Shemeji, nasikia umemwekea Norbert klachi ya kwendea kanisani."

"Nimejiwekea mimi. Norbert hakanyagi tena."

Watu kwenye foleni walianza kutazama viatu vyao. Duane akacheka kwa niaba yao. Akasema kwamba itateleza.

"Itateleza kidogo pale inapotakiwa," Arlene akasema. "Ndiyo kazi ya klachi, Duane. Isiyoteleza kabisa inaitwa bolti."

Duane alikuwa ameweka bolti yake mwenyewe majira ya kuchipua, pleti mbili za chuma, daraja la nne, na alikuwa ameshawaambia wote. Alitoka bila kununua kitu.

Klachi mpya haitaki fujo. Inataka maili mia tano za mjini, za polepole, za kusimama na kuondoka, ndipo kitambaa na chuma vizoeane. Wateja wa Arlene waliitikia hilo kwa kichwa, kisha wakaenda kuchoma matairi mbele ya nyumba zao siku ileile. Yeye alizienda zote, mwezi mzima wa Julai. Alikwenda kazini na Pontiac, alikwenda sokoni, alikwenda misa ya saa tatu. Wiki ya kwanza ilimzimikia mara sita, moja kati ya hizo mbele ya kanisa akirudi nyuma, na padri akasimama kwenye ngazi akisubiri kwa uvumilivu wa kuudhi. Wiki ya pili mara moja. Wiki ya tatu aligundua kwamba alikuwa ametoka nyumbani hadi dukani akiwaza bei ya mayai, bila kuuwaza mguu hata kidogo. Alipita mbele ya makaburi alikozikwa Norbert mara nyingi. Hakukata kona kuingia.

Jumamosi ya tatu ya Agosti ilianza kwa joto, ikaendelea kwa joto. Kufikia saa nne, kandokando ya Woodward kulikuwa na viti vya kukunja maili kwa maili, na watu wakila soseji zilizofunikwa mchuzi wa nyama, haradali na vitunguu vibichi, wakitazama magari ambayo hayakwenda. Arlene aliingia barabarani akitokea kusini. Mbele yake palikuwa na gari la familia la zamani lenye ubavu wa mbao. Nyuma yake, Buick iliyochemka. Alikanyaga, akasogea urefu wa kitanda, akakanyaga.

Walipofika karibu nusu ya njia, mstari wa kulia ukasogea na kuleta kando yake Dodge ya bluu ya Duane. Ilikuwa ikienda kwa kwikwi. Kila Duane alipoachia klachi, gari liliruka, likatikisika mpaka vioo vikalia, likasimama kwa breki. Uso wake ulikuwa umeiva kama nyanya. Taa ikawa nyekundu. Duane akaitoa gia haraka, akainua mguu kutoka kwenye pedali, akaupumzisha.

Akateremsha kioo. "Mguu vipi, shemeji?"

"Upo kwenye kiatu."

Watu wa kwenye viti walikuwa wameona magari mawili sambamba mbele ya taa, na kwao hilo lina maana moja tu: mashindano. Mmoja akaanza kupunga kofia. Mbele ya Dodge palikuwa na uwazi wa futi arobaini, si zaidi, kisha ukuta wa magari. Duane akaikanyaga klachi tena, akaingiza gia, akaipigisha injini kelele. Akamgeukia Arlene na kuinua kidevu.

Hapo ndipo Arlene angeweza kuharibu yote. Alikuwa na gari, alikuwa na mguu, alikuwa na miaka kumi na miwili ya mapipa kooni. Akatazama zile futi arobaini. Akamtazama mwanamume wa miaka sitini na mbili anayezitaka. Dharau ikamshusha moyo wote mpaka ukatulia kabisa.

"Nenda tu, Duane," akasema. "Ni zako."

Taa haikubadilika. Taa za Woodward siku hiyo ni ndefu kama ibada ya mazishi. Duane hakuweza tena kuitoa gia, kwa kuwa watu wanamtazama. Akabaki ameibana ratili zake zote chini kwa mguu mmoja, injini inanguruma, jasho linamtiririka kwenye masikio. Arlene aliona goti lake likianza kucheza. Aliona Duane akiweka mkono juu ya paja kulituliza. Kisha msuli wa shavu la mguu ukamkaza, kiatu kikaponyoka, na chuma kikauma chuma. Dodge ikaruka mbele wakati taa ingali nyekundu, ikakohoa, ikazimika kiganja kimoja tu nyuma ya bampa la mwenzake. Kwenye dirisha la gari hilo la mbele bibi mmoja aliyekuwa akilamba aiskrimu aligeuka, akamtazama Duane, akarudi kwenye aiskrimu yake.

Ikawa kijani. Dodge haikuwaka. Duane alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili, mdomo wazi, bila sauti. Honi zikaanza. Arlene akaachia klachi, Pontiac ikaondoka laini kama droo iliyopakwa nta.

Alifika kwenye duka la mazulia saa saba kasoro. Wanaklabu tisa walisimama kutoka kwenye viti vyao. Walilizunguka gari wakitafuta dereva mwingine, na mmoja aliinama kabisa kutazama kiti cha nyuma. Kisha wakakaa, wakarudi kwenye mazungumzo yao ya matairi. Hakuna aliyempongeza. Arlene akafungua kiti cha kukunja cha Norbert, akakaa kwenye nafasi ya Norbert. Mbele yake kulikuwa na lami iliyopasuka, pipa la barafu, na kibao kinachosema kila kitu lazima kiuzwe. Hiki ndicho walichokuwa wakikilinda.

Duane akafika saa nane na nusu, akichechemea. Aliegesha, akawaambia wenzake kwamba injini ilipata joto. Walikubali. Baadaye akaja taratibu, akachuchumaa kando ya kiti cha Arlene, akasema kwa sauti ambayo Arlene hakujua kama anayo.

"Arlene. Pedali yako ni ratili ngapi?"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Arlene akamwambia thelathini na moja. Duane akaangalia nyuma yake, kisha akaomba amwagizie moja ya Dodge, ya daraja lilelile.

"Ila kwenye fomu," akasema, "andika jina la mke wangu. Jamaa wakiuliza, ni yeye aliyetaka."

Arlene alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, mengine ya tangu enzi za Norbert, lakini hakuona la kupoteza kwa mtu huyu. Akainuka, akakikunja kiti, akakitia kwenye buti.

"Mlete mkeo dukani," akasema. "Atajaza mwenyewe, na atakanyaga mwenyewe."

Duane akamwonya kwamba akiondoka kabla ya jioni nafasi itahesabiwa kuwa wazi, ndiyo kanuni. Arlene akamjibu wampe anayependa kukaa. Akaingia garini. Msafara wa kuelekea kaskazini ulikuwa umesimama kabisa, magari yamebanana hadi macho yanapoishia, na ilimbidi asubiri dakika nzima kabla ya mtu mmoja mwenye Ford nyeupe kumpa nafasi. Akakanyaga, akaingiza gia ya kwanza, akasogea urefu wa gari moja. Akakanyaga tena.